Panya Mweupe Juu ya Nguzo

Daktari Averil Larwood alikuwa amefanya kazi ndani ya vinywa vya watu tangu usichana wake, na alijiona mtu asiyejua kinyaa. Alishang'oa magego yaliyooza mpaka mizizini, akakamua majipu ya ufizi yaliyomrukia kwenye miwani, akavuta pumzi za walevi wa Krismasi puani mwake, kisha akanawa mikono na kwenda zake kula chakula cha mchana. Wauguzi wake walipokunja nyuso, yeye aliwacheka. Kwa hiyo yaliyomfika Januari ile, huko kwenye vinamasi vya pwani ya Norfolk, yalimkuta hana kinga.

Alipostaafu alihamia Holmsey, kijiji cha mwisho kabla ya matope ya bahari, na kilichompeleka huko ni ndege tu. Tena ndege wa majira ya baridi, wakati upepo wa mashariki unakuja umenyooka kutoka baharini bila kitu cha kuuzuia, madimbwi yanaganda, na mabata bukini wanashuka makundi kwa makundi kutoka nchi za barafu, kelele zao kama za watu waliokosana sokoni. Asubuhi alivaa soksi mbilimbili, akaning'iniza darubini shingoni, akapita juu ya tuta hadi kwenye kibanda cha mbao cha klabu ya ndege. Ndani kulikuwa na benchi moja refu na madirisha membamba ya kuchungulia. Watu walikaa humo wamejikunyata, wakinong'ona kama wako kanisani, miguu ikiwafa ganzi kwa ajili ya ndege mmoja.

Msimu ule ndege huyo alikuwa bundi. Bundi mweupe, uso kama moyo, ambaye baridi na njaa vilimfanya awinde mchana kweupe. Pwani ile bundi si mkosi. Watu hupunguza mwendo wa gari wakimwona, na wakifika nyumbani humsimulia kama mgeni wa heshima.

Na mwenye bundi, kama walivyomwita kwa utani, alikuwa Clifford Utting. Clifford alikuwa mgane, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na kamera yake ilikuwa kubwa kama ndoo. Picha zake zilitundikwa kwenye mgahawa wa chai wa kijiji, na kalenda ya klabu mwaka ule ilikuwa ya kwake kuanzia jalada hadi Desemba. Alimwekea Averil nafasi kwenye benchi. Alimletea sandwichi za nyama ya nguruwe, zimekatwa pembe vizuri, kutoka kwenye boksi lake la bluu la kuhifadhia baridi.

"Subirini jamani," alikuwa akisema, akiitazama nguzo ya ua iliyosimama peke yake mbele ya kibanda. "Bwana mkubwa yuko njiani."

Na kweli, punde bundi alikuja, kimya kama pamba, akatua pale pale kwenye nguzo. Kamera zikalia.

"Huyu ana dawa," alinong'ona Gwenda Bunn, mwenyekiti wa klabu, akimpiga Averil kiwiko. "Mshike huyo, Daktari, usimwachie."

"Nimshike nimpeleke wapi, Gwenda? Mimi mzee."

"Mzee wapi! Rangi ya midomo hiyo unampakia bata?"

Averil alicheka, lakini masikio yalimuwaka. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameishi peke yake muda mrefu, na alikuwa ameanza kuamka asubuhi akifikiria benchi lile kabla ya kufikiria ndege.

Asubuhi ya mkasa ilikuwa ya baridi kali, nyasi zimesimama nyeupe kama chumvi. Averil alifika akawakuta Gwenda na wengine wachache wameshapanga kamera zao. Clifford alikuwa anatoka.

"Naenda kukagua njia kidogo," alisema, kama alivyosema siku zote. "Jihudumie, Daktari. Boksi liko wazi."

Averil alikuwa na njaa. Alichukua sandwichi, akaimega kwa meno, akaona imekosa haradali. Akainamia boksi na kuinua sinia la juu, mkono wake ukipapasa chini kutafuta kichupa.

Vidole viligusa kitu laini, chenye majimaji. Alichungulia. Chini ya sinia kulikuwa na mfuko wa nailoni uliopasuka, umejaa vifaranga vya siku moja, vimekufa, manjano yao yamegeuka kijivu. Vilikuwa vinayeyuka barafu, na maji yao mekundu yalikuwa yamesambaa mpaka kwenye kona ya karatasi iliyofungia sandwichi. Kando ya mfuko palikuwa na kopo la siagi lenye matundu kwenye kifuniko. Ndani ya kopo kitu kilikuwa kinakwaruza. Aliliinua kwenye mwanga: panya weupe, wale wa kufugwa, macho mekundu, wamerundikana juu ya mavi yao. Mmoja alikuwa ameshafungwa mguu kwa kipande cha mshipi wa kuvulia samaki.

Tonge lilikuwa bado mdomoni mwake. Hakuweza kulimeza wala kulitafuna. Alihisi mafuta yake yakiganda kwenye ulimi. Alitoa leso akalitemea humo, lakini ladha haikutoka na tonge. Alikumbuka sandwichi zote alizokula tangu vuli, na jinsi alivyosifia ile nyama kwamba ina ladha ya pekee.

"Anakuja!" alinong'ona Gwenda. "Averil, anakuja, inuka!"

Aliinuka akatazama. Clifford alikuwa amesharudi nusu ya njia, amepiga goti kwenye matete, kamera usoni. Na juu ya nguzo, kitu cheupe kilichofungwa mguu kilikuwa kinahangaika, kinaruka na kurudishwa, kinaruka na kurudishwa. Kinamasi kile hakikuwahi kuwa na panya mweupe.

Bundi alitua. Alimdaka panya kwa mguu, akamuua kwa kumng'ata shingo, akammeza mzima kama wamezavyo bundi wote, mikupuo miwili mitatu, kichwa kikitangulia. Mkia ukabaki unaning'inia mdomoni, na pamoja na mkia, uzi mwembamba unaong'aa. Siku nyingi mshipi ulikuwa unakatika. Siku ile Clifford alikuwa ametumia mnene zaidi. Bundi aliruka, akafika urefu wa mkono, akarudishwa na uzi uliomkwama kooni. Akaanguka kando ya nguzo, akabaki ananing'inia, mabawa yakipiga hewa.

Kamera hazikunyamaza. Ziliongeza kasi. Averil alizisikia kulia na kushoto kwake, kama meno yanayogongana kwa baridi.

"Mungu wangu, ona lile bawa," alisema mtu mmoja. "Mwanga umempata vizuri!"

"Jamani," alisema Averil. "Jamani, amenaswa! Hamwoni?"

"Clifford atamtoa," alisema Gwenda bila kuondoa jicho kwenye lenzi. "Huwa anamtoa."

Averil alimgeukia. "Huwa?"

Gwenda alibonyeza kamera tena. Averil aliangalia zile nyuso zilizobandikwa kwenye kamera, na ikamwingia kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa mjinga kwenye benchi lile. Wote walijua. Walijua na wakala, walijua na wakapiga picha.  Aliusukuma mlango akatoka.

Alikimbia kwenye nyasi zenye barafu, akaanguka, akainuka. Chini ya nguzo palikuwa pananuka hata kwa baridi ile: vichwa vya vifaranga, miguu ya vifaranga, vipande vya mshipi vimejiviringa kama nywele kwenye shimo la bafu, na mavi ya panya wa shambani waliokuja kula mabaki. Alimfunika bundi kwa koti lake, akamkumbatia kifuani, akakata uzi kwa kisu cha mfukoni.

"Taratibu, taratibu!" Clifford alikuwa anakuja nyuma yake. "Usimvunje manyoya, Averil, bado namhitaji."

 Averil alipiga magoti, akambana bundi kati ya mapaja, akaufungua mdomo wake kwa kidole gumba. Kazi hii alikuwa anaijua. Mdomo ni mdomo. Aliufuata uzi kwa kidole cha shahada, taratibu, akiuzungusha pale ulipokwama, mpaka bundi akajikunja na kumtapikia mkononi panya mzima, amelowa ute na damu, na mshipi wote ukaja naye. Mkono wa sweta ukajaa uvundo. Averil hakusikia kinyaa chochote. Alisikia moyo wa ndege ukipiga juu ya magoti yake, akasema, "Umemaliza, baba, umemaliza. Pole."

Clifford aliinama. Alimwokota yule panya kwa mkia, akamtazama, akampangusa ute kwenye suruali yake.

"Huyu bado anafaa," alisema, akamtia mfukoni.

Averil alimtazama usoni. Ulikuwa uso ule ule wa upole.

"Clifford. Wako kwenye boksi la chakula."

"Nani?"

"Hao! Unanilisha kutoka kwenye boksi moja na mizoga."

"Ah, hilo." Alicheka kidogo, kama mtu aliyekamatwa hajafunga kifungo. "Sinia liko katikati, mama. Umekula vuli yote, umekufa? Hata tumbo hukuumwa."

"Na huyu?"

"Huyu nimemlisha. Baridi hii angeshakufa njaa. Nampa chakula, ananipa picha. Nani kadhulumiwa hapo? Panya wa dukani? Wanauzwa walishwe nyoka."

"Umemvua kama samaki."

"Bahati mbaya. Twende ndani, unatetemeka. Kuna chai."

Akamnyooshea mkono kumwinua, mkono ule ule. Averil aliutazama kama alivyokuwa akitazama jino ambalo haliwezi kuzibwa tena. Aliinuka mwenyewe, bundi ndani ya koti, akaenda zake juu ya tuta bila koti mwilini. Alipogeuka mara moja aliona kupitia mlango wa kibanda: Clifford ameketi, anakula sandwichi, analamba haradali kwenye kidole gumba. Alitapika pale pale juu ya tuta, amemsogeza bundi pembeni asimchafue.

Bundi alipelekwa kwa mama mmoja wa kijijini anayeuguza ndege bandani mwake. Koo lilikuwa limechanika, lakini si sana. Hubert Gaze, mlinzi wa hifadhi ya vinamasi vile, alikwenda kuiona nguzo, akarudi na gunia limejaa, amefunika pua na skafu. "Nilikuwa nadhani ni watu wazima hawa," alisema tu.

Jumamosi alasiri klabu ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Picha za Clifford zilikuwa zimepangwa ukutani, na meza ya vitafunwa ilikuwa imejaa. Gwenda alisimama, akasema kuna "jambo dogo la kutoelewana", na kwamba yeye anashauri lisikuzwe.

Averil hakutaka kukuza kitu. Aliomba nafasi, akaeleza. Hakupaza sauti. Alieleza kwa sauti aliyotumia kuwaambia wagonjwa kilichomo mdomoni mwao: rangi ya vifaranga, namna maji yao yalivyoloweka mkate, kopo na kilichokuwa chini ya panya, ute uliopanguswa kwenye suruali. Watu walianza kuweka chini soseji zao walizotafuna nusu. Mzee mmoja aliondoka kaziba mdomo.

"Averil, inatosha," alisema Gwenda, uso umempauka. "Watu wanakula."

"Najua wanakula. Na mimi nilikuwa nakula."

Clifford aliinuka. Hakukasirika, alionekana ameumia kidogo. "Mnanitazama hivyo mimi?" aliwauliza. "Nani hakujua humu? Gwenda, si wewe uliyeniomba nimlete saa ya mwanga mzuri, dada yako alipokuja kutembea?"

 Gwenda alishika mkufu wake, akaangalia sakafu. Kisha akaanza kuzitoa picha ukutani, moja moja, kifudifudi juu ya meza, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia.

Clifford alifungiwa hifadhi ile. Kabla msimu haujaisha habari zilifika kwamba yuko kwenye vinamasi vya kaskazini zaidi, sasa ana kipanga badala ya bundi, na wenyeji wanampenda sana kwa upole wake. Hubert aliwapigia simu walinzi wa huko. Walisema watafuatilia. Kalenda iliendelea kuuzwa mgahawani, kwa kuwa ilikuwa imeshachapwa.

Averil hakuingia tena kibandani. Alihamia upande wa nje wa tuta, unapopiga upepo, akawa anakaa juu ya gogo lililoletwa na maji, akitazama mabata bukini wakichuma nyasi kwenye matope. Siku moja Gwenda alimfuata huko, pua nyekundu, amebeba kamera.

"Naweza kukaa?"

"Gogo si langu."

Gwenda alikaa.  Mwishowe alisema, "Nilikuwa namwonea huruma yule panya, kusema kweli. Nilikuwa nafumba macho mpaka bundi atue."

Averil alishusha darubini. Alimwangalia mwenzake, na kile kinyaa cha kibandani kikamrudia, chepesi lakini kile kile.

"Usiniambie hivyo, Gwenda," alisema. "Afadhali ungesema ulikuwa unatazama."

Maji kujaa yalikuwa yanaingia kwenye mifereji ya matope. Bukini waliinuka wote kwa pamoja, wakapita juu ya vichwa vyao wakipiga kelele. Gwenda aliinua kamera, akasita, akaiweka magotini. Averil alikwishaanza kuwafuata kwa darubini, amempa mgongo.