Valvu Iliyoandikwa Mbaya

Kwa mafundi neno "mbaya" halina mjadala. Kifaa kikiandikwa hivyo kimekwisha, kinaingia kwenye ndoo ya vyuma chakavu na hakuna wa kukililia. Binti wa Mzee wa Besi alikuwa fundi redio kwa miaka kumi na miwili, na neno hilo ameliandika mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Kwa hiyo siku alipofungua amplifaya ya baba yake na kukuta valvu moja, kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba, imeandikwa MBAYA kwa mwandiko wa baba, hakujiuliza mara mbili. Aliichomoa, akaitupa ndooni, akaweka mpya.

Alifanya hivyo kwa mapenzi, tusimwonee. Mzee alikuwa amepooza upande wa kulia na ulimi ukafungwa. Miezi mitano ilipita, hata "ee" haikumtoka. Mtu aliyepiga gita la besi miaka arobaini, kuta zikatikisika, sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akilishwa supu kwa kijiko na mkewe, na mkewe akiongea kwa niaba ya wote wawili. Daktari alisema wamtafutie vitu alivyovipenda, huenda maneno yakarudi. Binti akaona hakuna alichokipenda Mzee kuliko sauti ya besi yake. Akafuta vumbi, akabadilisha valvu zote tatu za mbele, akaisukuma amplifaya mpaka sebuleni ikiwa inang'aa. Akapiga noti nne alizofundishwa utotoni, maana zaidi ya hizo hajui.

Mzee alisikiliza kidogo, kisha akageuzia uso ukutani. Binti alirudisha amplifaya kwenye karakana yake nyuma ya nyumba na kulia huku ameshika bisibisi.

Jumamosi asubuhi akaja Radi, mpiga drams wa bendi ya zamani, kumjulia hali mgonjwa. Jina lake hilo hakupewa kwa sababu ya upole. Binti alimvuta karakanani kabla hajafika sebuleni.

"Ba'mdogo, hebu sikiliza. Nimekosea wapi?"

Akapiga zile noti nne. Radi alikunja uso kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari.

"Ni safi," alisema. "Safi mno. Kila noti inasikika, lakini kama karani anasoma orodha. Besi ya kaka ulikuwa unaisikia kwenye nyayo kwanza, masikio yanafuata baadaye."

"Lakini nimeweka valvu mpya! Ya zamani ilikuwa imekufa. Mwenyewe ameiandika 'mbaya'."

Radi alimtazama, akacheka mpaka akashika meza.

"We mtoto wewe! Fundi mzima! Baba yako akisikia kitu kizuri kupita kiasi alikuwa anasemaje? 'Huyu mbaya!' Nimepiga naye miaka thelathini, ameniita mbaya mara mbili tu. Mara ya pili nililia."

"Kwa hiyo alikuwa anasifu?"

"Alikuwa anashindwa kusifu, mwanangu. Ndiyo maana akasema hivyo."

Ndoo ilimwagwa sakafuni papo hapo. Wakapekua kwa magoti, mzee mzima na fundi mzima, mpaka valvu ikapatikana chini ya sumaku ya spika, nzima, haina hata mkwaruzo. Binti aliiweka kwenye kipimo. Sindano ilijikongoja kidogo tu, ikakaa chini kabisa kuliko kwa valvu nyingine. Kwa kipimo kile, kumbe valvu ilikuwa dhaifu kweli. Mkono wake wa kifundi ulitaka kuirudisha ndooni.

Akapiga moyo konde, ingawa hakukumbuka ilitoka soketi ipi kati ya zile tatu. Akazima amplifaya, akangoja ipoe, akaichomeka valvu kwenye soketi ya tatu. Hakuna kilichobadilika. Akaihamishia ya pili. Sauti ikalegea kidogo, basi. Ikabaki ya kwanza, ile inayopokea sauti ya gita ikiwa bado mnong'ono na kuikuza kabla ya zote. Valvu mpya ilikuwa na nguvu nyingi, ikiusukuma ule mnong'ono kwa pupa mpaka ukafika kwenye spika umekakamaa. Hii dhaifu haikuwa na pupa.

Aliwasha, akangoja waya wa ndani uwe mwekundu, akagusa uzi mnene kuliko wote.

Nywele zilimsimama. Sauti haikutoka kwenye spika tu, ilitoka sakafuni, mezani, kwenye mbavu zake. Ilikuwa nene na ya duara, na alipoukaza uzi ilinguruma kidogo mwishoni, kama baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani. Misumari kwenye kopo ilianza kucheza. Gita lile lile, spika ile ile, vidole vyake vile vile visivyojua kitu, na kichupa kimoja tu kimehama. Miaka kumi na miwili ya kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha na hakujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kubeba mtu mzima. Aliogopa hata kugusa uzi wa pili.

"Ndiye huyo," Radi alinong'ona, na Radi hakuwa mtu wa kunong'ona.

Wakaisukuma amplifaya sebuleni. Mama alikuwa na bakuli la supu mkononi. "Tena hilo dude? Juzi alinuna siku nzima!"

Binti alichukua gita. Alipiga noti nne, taratibu, akazirudia. Vikombe kabatini vikaitikia. Mguu wa kushoto wa Mzee ukaanza kugonga sakafu. Shingo ikageuka kutoka dirishani. Midomo ikahangaika, ikafunguka, ikashindwa, ikajaribu tena.

"M... mba... mbaya."

Gita lilinyamaza. Mama akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Mbaya? Miezi mitano namlisha, namwogesha, namgeuza kitandani, neno la kwanza ni mbaya? Zima hilo dude, hajalipenda!"

"Shemeji," Radi alisema, machozi yakimtiririka bila aibu, "amelipenda. Hivyo ndivyo kaka anavyosifu. Hana neno kubwa kuliko hilo."

Mama alimgeukia mumewe, kijiko bado mkononi. Mzee alimtazama. Akainua mkono wake mzima, akamwelekezea yeye, si amplifaya, si binti, yeye mwenye kijiko.

"Mbaya," alisema, na safari hii lilitoka lote kwa mara moja.

Mama akakaa chini pale pale sakafuni, akamwambia aseme tena.