Kuta za Novemba

Kwa miaka kumi Wilda Haddix alisukuma theluji barabarani kwa gari la bamba kusini mwa Virginia, mahali ambapo inchi kumi na tano zikianguka mwaka mzima watu huzisimulia hadi Pasaka. Sasa alikuwa katika mwezi wake wa tatu kwenye uwanda wa juu, mashariki mwa Ziwa Ontario, na tangu Jumapili pekee zilikwisha kuanguka inchi sitini na mbili. Leo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na kioo cha mbele hakikuonyesha kitu ila weupe uliomjia kama unga unaomwagwa kutoka guniani.

Redio ilikwaruza.

"Saba, unanipata?" Ilikuwa sauti ya Merle Widrick, msimamizi wa barabara, akiita namba ya gari la Wilda.

"Nakupata, bosi."

"Achana na njia kuu. Ingia Barabara ya Kinu, mpaka kwa akina Zehr. Bi Bernadine alikosa kusafishwa damu Jumanne kwa sababu ya hii dhoruba, na leo mapafu yamejaa maji. Mumewe anasema midomo imeanza kubadilika rangi. Ambulensi imeshatoka mji wa hospitali. Wewe fungua njia, yenyewe itakuja nyuma yako."

Wilda aliushika usukani kwa nguvu. Kati ya barabara zote arobaini za mji ule, hiyo moja ndiyo aliyokuwa akiomba isitajwe.

"Si wamtoe kwa pikipiki ya theluji?" aliuliza.

"Daktari amekataa. Mgonjwa hawezi kulala chali, na upepo huu utamkata pumzi kabla hajafika popote. Anataka gari lenye joto. Twende, Saba."

Kwenye kiti cha kulia, Orrin Lafave alimeza kipande cha mwisho cha mkate wa soseji, akajifuta mikono kwenye suruali. Kwao Wilda, dereva hukaa peke yake. Huku, dhoruba ikiwa kubwa, gari huwa na watu wawili: dereva, na mtu wa bawa, anayeshika vijiti vya lile bamba refu la pembeni, kuliinua na kulishusha, huku akiwa ndiye macho ya upande wa kulia. Orrin alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Kwa siku tatu zilizopita alikuwa kwenye gari jingine, na Wilda akaendesha peke yake kwa uhaba wa watu. Leo ndiyo kwanza wapangwe pamoja.

"Mbona umenyauka hivyo, Virginia?" alimtania. "Ni theluji tu. Haiumi, inazika."

Wilda hakucheka. Alikuwa anaikumbuka Novemba.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, inchi nane tu, Merle aliwaagiza madereva wote waisukume mbali kupita ukingo wa lami, futi kumi hadi kumi na mbili ndani ya mashamba, pande zote mbili. Wilda aliona ule ni upuuzi wa wazee waliozoea kuteseka. Kuchimba nyasi za watu na kuchoma dizeli siku nzima kwa ajili ya inchi nane? Kwao theluji ya Jumatatu haifiki Jumamosi. Basi kwenye Barabara ya Kinu aliisukuma hadi ukingoni, akaiacha hapo ili jua limalizie kazi, na kwenye karatasi ya njia, penye maneno *kuta zimerudishwa*, yaani theluji ya pembeni imesukumwa mbali, akaweka tiki.

Jua halikumaliza kazi. Liliyeyusha nusu, usiku ukaigandisha ile nusu, na mara tatu zaidi ikawa hivyo hivyo, hata ukingo wa pande zote mbili ukawa jiwe. Desemba nzima mkanda wa mawingu yanayobeba theluji kutoka ziwani ulikaa maili kumi kaskazini. Watu wa huko walikuwa wakitokea madirisha ya juu, na Barabara ya Kinu ikapata vumbi la theluji tu. Wilda akajiambia kwamba amenusurika. Kisha Jumapili mkanda ukahama, ukatulia juu ya mji wao, ukakataa kuondoka. Kila alipopita, theluji mpya haikuwa na pa kwenda. Ilipanda juu ya mawe yale ya Novemba, nayo barabara ikazidi kujifunga kama koo lililovimba. Jana alipita akiwa amelikunja bawa, na vioo vya pembeni vilikuwa vikikwaruza kuta.

Walifika njia panda. Orrin akapangusa kioo kwa kiganja, akainama mbele. Mbele yao hapakuwa na barabara. Palikuwa na mfereji, kuta zake zimeipita kabini kwa kimo, na chini upepo umeujaza unga hadi kiunoni.

"Nani aliyeacha kuta hapa?" alisema taratibu. Mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Orrin..."

"Hapa panatakiwa pawe na futi arobaini na tano, dada. Naziona kumi na mbili. Nani alipita hapa Novemba?"

"Mimi."

Alimtazama, kisha akaitazama redio. Wilda alielewa bila kuambiwa. Merle alikuwa ofisini na ile karatasi yenye tiki. Katika hesabu yake, ambulensi ingeingia nyuma yao kwenye barabara pana, ipishane na gari la theluji nyumbani kwa Zehr, igeuze, itoke. Kwenye mfereji huu ingeingia na isitoke. Gari la theluji lingekuwa mbele, ambulensi nyuma, unga ukijaa kati yao, na mgonjwa ndani.

Wilda angeweza kusema kwamba upepo umefanya mambo. Ni nani angebisha? Lakini kwa uongo huo Merle angesema jaribuni, kwa kuwa angeamini kwamba chini ya huo unga pana nafasi. Dakika kumi zingepotea kutafuta nafasi ambayo haikuwepo.

Alichukua kipaza sauti cha redio.

"Bosi. Ambulensi isiingie Barabara ya Kinu. Isimame njia panda."

"Kwa nini?"

"Sikurudisha kuta. Novemba. Niliweka tiki, lakini sikurudisha. Pana futi kumi na mbili, na pembeni ni barafu tupu."

Orrin aliigonga redio kwa kidole, akidhani imekufa.

"Maili nzima?" Merle aliuliza hatimaye.

"Maili moja na robo. Yote."

"Mungu wangu, Wilda." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma kuliko ukali. "Greda iko upande wa pili wa mji. Mashine ya kurusha theluji ni ya kaunti, saa mbili kuifikisha hapo. Mama wa watu hana saa mbili."

"Kabini yangu ina joto," Wilda alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Naingia na bamba la mbele tu. Namchukua Bi Bernadine kwenye kiti, namleta njia panda."

"Uwanja wa Zehr umejaa, hutapata pa kugeuzia."

"Nitarudi kinyumenyume."

"Maili moja na robo? Umewahi?"

"Sijawahi."

"Ingia," Merle alisema. "Mimi nakuja na greda hata hivyo. Na usiguse ukuta. Ukiugonga utakutupa upande wa pili, na gari likilala hapo hakuna atakayepita mpaka kesho."

Waliingia. Bamba lilikata unga, unga ukapanda ukutani na kuporomoka tena nyuma yao, ukifunika alama za magurudumu. Orrin aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje kwenye ule upepo, nyusi zikageuka nyeupe papo hapo.

"Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema! Hivyo hivyo. Nyoosha. Una nafasi ya kiganja kimoja upande wangu."

"Wangu nina viwili."

"Basi tajiri wewe. Nigawie nusu."

Iliwachukua dakika kumi na nane. Elam Zehr, mzee mrefu aliyekonda, alikuwa amesimama barazani bila kofia, kana kwamba kusimama kwake kungelivuta gari lifike upesi. Ndani, mkewe alikuwa amekaa kitini ameinama mbele, blanketi mabegani, akivuta hewa kwa mikoromo mifupi yenye povu. Orrin na Elam walimbeba hivyo hivyo, ameketi kwenye kiti cha jikoni, wakampandisha kabini. Kiti cha kulia kilikuwa kimoja tu.

"Mimi nabaki na mzee," Orrin alisema, akimfunga Bi Bernadine mkanda. "Mwangalie dereva wetu, Bi. Huyu anatoka Virginia, huko wanafunga shule kwa baridi ya friji."

"Na upande wa kulia?" Wilda alimuuliza kwa sauti ya chini. "Nani atanionea?"

Bi Bernadine aliinua kidole. Alivuta hewa mara tatu ndipo neno likapatikana.

"Niliendesha... basi... la shule," alisema. "Miaka thelathini... na moja. Barabara hii."

Alikitazama kioo cha pembeni, akakirekebisha kwa kubonyeza kitufe cha mlangoni, kama mtu aliyerudi kazini. Kisha akagonga dirisha kwa pete yake. "Moja... kulia kwangu... kunabana. Mbili... nyoosha."

Wilda aliingiza gia ya kurudi nyuma.

Hakuna kazi inayomvua dereva ujuzi wake kama hiyo. Kila kitu kiligeuka. Mkono uliokwenda kulia ulipeleka mkia kulia na pua kushoto, na mkia ule, umebeba tani nane za mchanga wa kumwagia barafu, haukusamehe haraka. Kioo cha kushoto kilimwonyesha ukuta. Kioo cha katikati hakikumwonyesha kitu. Upande wa kulia alikuwa na pete tu, na katikati ya milio ya pete, ile mikoromo, ambayo aliisikiliza kuliko injini.

Mlio mmoja. Alirekebisha. Miwili. Alinyoosha. Mmoja.

"Pole, Bi Bernadine. Pole. Tumepita kinu."

Mama aligonga. Miwili.

Walipofika karibu na nusu ya njia mlio haukuja. Wilda alitupa jicho, akamwona kichwa kimeanguka kifuani, na kwa jicho hilo moja alipoteza barabara. Gurudumu la nyuma la kulia lilipanda kwenye jiwe la Novemba. Kabini iliinama, mkia ukaanza kuteleza kuelekea ukuta wa kushoto, na mwili wake wote ukamwamuru akanyage breki. Kwao angekanyaga. Hapa, breki kwenye barafu ingelitupa gari zima upande. Aliacha pedali zote. Alihesabu moja, mbili, akaruhusu uzito wa mchanga ushuke wenyewe, kisha akaingiza gia ya kwenda mbele, akagusa mafuta kidogo. Minyororo ya magurudumu ililia, ikauma. Gari likashuka kutoka kwenye jiwe, likasimama sawa, kiganja kimoja tu kutoka ukutani.

"Bi Bernadine!" alipiga kelele. "Nahitaji macho yako! Usinilalie sasa hivi!"

Kope zilifunguka. Midomo ilikuwa na rangi ya zabibu.

"Polepole... binti," mama alinong'ona. "Una... watoto... ndani."

Akagonga mara mbili.

Ambulensi ilikuwa imesimama njia panda, taa zake zikizunguka. Paa lake lilikuwa na theluji kidogo tu; katika mji wa hospitali, maili kumi na nne kutoka hapo, jua lilikuwa linawaka. Mhudumu aliyeruka kutoka mlango wa nyuma alikuwa amevaa viatu vyepesi, akazama hadi magotini, akatukana, akaendelea kukimbia. Walimtoa Bi Bernadine, barakoa ya hewa ikiwa usoni hata kabla hajashuka ngazi ya mwisho. Milango ilifungwa. Gari jingine la theluji, la njia kuu, likaitangulia ambulensi, vyote vikamezwa na weupe.

Merle alifika na greda baada ya robo saa. Alishuka, akatembea hadi kwenye mdomo wa mfereji, akavua glavu, akaugonga ukuta kwa ngumi. Ulitoa sauti ya mlango wa chuma. Wilda alisimama nyuma yake, akingoja.

"Mimi ndiye niliyeiamini ile karatasi," Merle alisema bila kugeuka. "Ningepaswa kupita mwenyewe. Lakini tiki ni yako."

"Ni yangu."

"Ulidhani itayeyuka."

"Kwetu huyeyuka, bosi."

"Kwenu." Alitema mate pembeni. "Mimi ningeletwa kwenu, ningesukuma theluji yenu mpaka katikati ya sebule za watu, nifukuzwe siku ya kwanza. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kuandika."

Hawakuondoka hapo. Merle alitangulia na greda kufungua unga, ili Orrin aweze kutoka, na ilikuwa karibu saa nane redio ilipoita kutoka hospitali: Bi Bernadine Zehr ameunganishwa kwenye mashine, maji yanatoka, anapumua, amedai apewe kioo cha kujitazamia. Elam alilia kwenye redio ya mkononi ya Orrin bila kuona haya. Wilda aliegemea gurudumu.

"Sasa sikiliza," Merle alimwambia aliporudi na Orrin kwenye greda. "Kuanzia leo mpaka theluji iishe, Orrin ndiye dereva wa Saba. Wewe utakaa kiti cha bawa. Ukuta huu hausukumwi tena, unakatwa kutoka juu, ngazi kwa ngazi, ili theluji mpya ipate pa kulala. Ni kazi ya siku tano au sita, na mkanda wa mawingu unaondoka usiku huu na kurudi Jumamosi."

"Sawa, bosi."

Orrin alipanda upande wa kushoto, akakisogeza kiti nyuma kwa makelele mengi, akalalamika kwamba kimekaa kama cha mtoto. Wilda alizunguka upande wa pili. Alishika vijiti, akalinyanyua bawa juu hadi likavipita vioo, hadi ncha yake ikafika karibu na kilele cha ukuta.

"Umeshusha sana," Orrin alisema. "Ukimega vipande vikubwa vinakurudia. Kidogo kidogo. Juu, Virginia. Juu zaidi."

Alipandisha. Gari likaanza kutembea, bawa likauma, na kipande cha kwanza, chembamba kama utepe, kikakatika na kuangukia shambani, upande wa mbali wa ukuta.