Kura Iliyorukwa na Mashine

Kura za kiti cha baraza la mji zilipotoka sare, mia mbili na kumi na mbili kila upande, wifi yangu Lorraine alikataa katakata jina lake litiwe bakulini. Ndiyo sheria ya hapa Ketteridge: wagombea wakilingana, karani wa mji anaandika majina kwenye vikaratasi, anavikoroga ndani ya bakuli, kisha anachomoa kimoja. Watu wengi huliona jambo la kuchekesha. Lorraine hakucheka. "Siwezi kuliachia bakuli suala la mwanangu," alimwambia karani, Bi Verna, na siku hiyo hiyo akaomba kura zihesabiwe upya, kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mwana aliyemsema ni Gemma, aliyekufa maji miaka mitatu iliyopita kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Machimbo yale yalijaa maji tangu kampuni iliyoyachimba ilipoondoka, na kila kiangazi vijana hupanda mwambani na kujirusha humo. Lorraine aligombea kiti cha baraza la mji kwa neno moja tu: machimbo yafukiwe. Mpinzani wake, Harlan Tuttle, muuza matrekta, alisema kazi hiyo ingewakamua walipa kodi. Nilimchukia Harlan mwezi mzima, na sikumficha.

Kaka yangu Corrado, mume wa Lorraine, ndiye aliyepigilia mabango ya mkewe kwenye matope ya Machi, barabara nzima. Lakini kila jioni baada ya kazi alikwenda kukaa peke yake ukingoni mwa machimbo. Siku moja nilimuuliza anafuata nini kule.

"Namsikia, Nella," akaniambia, kama mtu anayekwambia mvua inanyesha. "Nyumbani hakuna kitu. Kule namsikia."

Lorraine alijua mumewe anakokwenda, hakujua anachokifuata. Mwenyewe hakuwahi kurudi pale tangu mtoto alipotolewa majini. Yeye alikuwa akiandamwa kwa namna yake: kila alipolala aliota maji yakipanda ngazi za nyumba, polepole, mpaka mlangoni mwa chumba cha Gemma. Aliamini siku machimbo yatakapofukiwa, ndoto nayo itakoma. Kiti cha baraza hakikuwa na maana nyingine kwake.

Tulihesabia kwenye ukumbi wa zimamoto, Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa wakala wa Lorraine. Corrado alikaa nyuma na watazamaji, kofia magotini.

"Nella, umekuja kulinda kura au maandazi?" Harlan alinitania, maana sahani ilikuwa karibu nami.

"Nimekuja kukulinda wewe. Nasikia una vidole vyepesi."

"Basi nisogezee moja, nikuonyeshe."

Watu wakacheka, hata Bi Verna. Kisha kazi ikaanza, na vicheko vikaisha. Karatasi zilipita mezani, Lorraine huku na Harlan kule, kila mmoja akitazama kiduara cha jina gani kimejazwa. Kila fungu lilitoka vile vile kama mashine ya kuhesabia ilivyosema. Mwisho ikabaki karatasi moja ambayo Bi Verna alikuwa ameiweka kando.

"Hii mashine iliiruka," alisema. "Mpigaji hakujaza kiduara, ametia alama pembeni. Itazameni."

Akaiweka katikati yao. Niliinama nione, nikaitambua ile alama.

Baba yetu alikuwa mchonga mawe. Kila mchonga mawe wa zamani alikuwa na alama yake, ili jiwe lake lisichanganywe na la mwingine. Ya baba ilikuwa mistari miwili iliyokatana kama mkasi, na mstari wa tatu umelala chini yake, kama kigoda. Corrado aliirithi pamoja na nyundo. Aliitia kwenye patasi, kwenye kuni, hata kwenye kifuniko cha kopo lake la chakula. Na sasa ilikuwa hapa, mbele ya jina la Harlan Tuttle. Naapa hakukusudia kujitambulisha. Mkono wake haujui kuchora kingine.

Lorraine aliiona. Ameishi na alama hiyo miaka ishirini na mitano, mwenye macho haambiwi tazama. Laiti angekubali lile bakuli, karatasi ile ingeozea sandukuni na asingejua kamwe.

"Sheria iko hivi," Bi Verna akasema. "Alama ikimtambulisha mpigaji, kura inaharibika. Lakini lazima mmoja wenu apinge, na ataje ni alama ya nani. Ikiharibika, mmelingana tena, tunarudi kwenye bakuli. Asipotajwa mtu, naihesabu."

"Mimi naona kura tu," Harlan akasema. "Tena nzuri."

Nilimvuta Lorraine mkono, nikamnong'oneza. "Pinga. Bakulini una nafasi."

"Nimtaje mbele ya watu wote hawa?"

"Mtaje. Ni kaka yangu, na mimi ndiye nakwambia mtaje."

Nilikuwa na hasira ya kumng'oa mtu meno. Lorraine akageuka nyuma. Corrado alikuwa amesimama. Kutoka pale hakuweza kuiona karatasi, lakini uso wa mkewe aliuona. Hakutikisa kichwa, hakuomba kitu. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akangoja.

Lorraine aliitazama tena ile alama, muda mrefu kiasi kwamba Harlan aliacha kutafuna.

"Sina pingamizi," akasema. "Ihesabiwe."

Hivyo ndivyo alivyoshindwa. Harlan alimpa mkono, naye akaupokea kwa adabu.

Tuliondoka watatu kwenye pikapu ya Corrado, Lorraine katikati. Sikuweza kujizuia.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Corrado, unampigilia mkeo mabango mchana, halafu unamchinja kwa kalamu?"

"Nyamaza, wifi," Lorraine akasema. Kisha, bila kumtazama mumewe: "Kwa nini?"

Corrado akajibu, macho barabarani. "Nilikwenda pale kukuchagua wewe, Lorraine. Haki ya Mungu. Mkono ulipofika kwenye jina lako ukagoma. Wakiyafukia, mimi nitamsikia wapi?"

"Unamsikia?"

"Ndiyo."

Nilidhani atamcheka, au atampiga kofi. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Anasema nini?"

Corrado akapunguza mwendo. "Anauliza mbona mama haji."

Tukafika njia panda ya machimboni.

"Nipeleke," Lorraine akasema.

Kwenye machimbo barafu ilikuwa imeanza kuachia kingo, na maji yaliyoonekana yalikuwa meusi. Mimi nilibaki garini. Nilisingizia matope, lakini ukweli niliogopa, na ningali naogopa ninaposimulia. Niliwaona wakienda mpaka ukingoni, Lorraine ameshika mkono wa koti la mumewe. Akasimama. Kisha akaita, "Gemma!" vile vile alivyokuwa akimwita kutoka mlango wa jikoni chakula kikiwa tayari.

Sauti ikagonga mawe ya ng'ambo ikarudi. Wakainamisha vichwa wote wawili, wakisikiliza. Nami nikapandisha kioo cha gari upesi, nisije nikamsikia akiitika.