Jiwe la Mama Povu

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa sita, siku wakubwa wa manispaa walipofunga mnyororo kwenye ngazi za mtoni. Mzee Ndimu, aliyebandikwa jina hilo na mtaa kwa uchachu wa ulimi wake, alifika asubuhi akakuta kibao kipya: KIVUTIO CHA WATALII. USIKETI.

Watalii walikuja tangu zamani. Walipiga picha msikiti, kanisa na hekalu vilivyosogeleana ukingoni hadi vikagawana kivuli, kisha wakashuka kuwatazama madobi. Madobi nao kila mmoja alikuja mjini na lugha yake na sala yake, lakini kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la kufulia kwenye ngazi zile, na hakuna aliyegusa la mwenzake. La Mama Povu, marehemu mke wa mzee, lilikuwa la tatu kutoka majini. Alifulia juu yake mpaka likabonyea kama bakuli. Tangu azikwe, mzee aliketi hapo kila asubuhi, kiganja ndani ya bonde lile, akimsimulia habari za mtaa, hasa maovu ya wakubwa.

"Wageni wanateleza," ofisa wa vivutio alieleza. "Mawe yote yatageuzwa, upande bapa uje juu."

"Na nyie mtageuzwa lini?" mzee akamuuliza. "Upande huu tumeshauchoka!"

Madobi waliangua kicheko. Ofisa akawaita mafundi wake wa mawe. Mafundi wakaanza kazi, na mzee akajifungia ndani.

Kazi ilipokwisha, madobi walirudishwa, maana bila wao watalii wangepiga picha ya nini? Jirani wa mzee, dobi wa jiwe la nne, akaja kugonga mlango.

"Shemeji, toka! Unataka kuota uyoga humo?"

"Nitoke niende wapi? Wameninyang'anya hata pa kulilia."

"Toka kwanza. Kununa utakuja kumalizia."

Mzee akamfuata akiburuza kandambili. Mawe yalikuwa bapa kama meza, moja baada ya jingine, mpaka lile la tatu. Pale bonde lilikuwa palepale, na maji kidogo yametuama ndani.

Mzee alipiga magoti. Nyuma yake mmoja wa mafundi, mtu wa ng'ambo ya mto, alijifanya anafuta patasi.

"Nilipofika hapo mkono ulikataa," akasema chini chini. "Nilikuja mji huu sijui neno hata moja la kwenu. Mama Povu alinifulia, akaniita mwanangu kabla sijajua maana yake."

Mzee Ndimu alitafuta neno kali, kama kawaida yake, akalikosa. "Ahsante, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. Hakuwa amemshukuru mtu tangu mazishi.

Ndipo ofisa akashuka na wageni wake. Aliteremka akitabasamu mpaka jiwe la tatu.

"Nani aliacha hili? Aseme sasa hivi, ligeuzwe, naye akatafute kazi kwingine!"

Mafundi walitazama mto. Dobi wa jiwe la nne alianza kukamua shuka lililokwisha kukauka. Mzee Ndimu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala mbele ya mkubwa yeyote, aliuma midomo asije akamponza fundi, kiganja bado kwenye bonde la mkewe.

"Nauliza tena. Nani?"