Jina la Falis Halikutangazwa

Fosiya alikuwa akimpimia mteja kitambaa dukani kwake Kitengela, televisheni ikatangaza kwamba ndege za jeshi zimeteketeza kambi ya magaidi ng'ambo ya mpaka. Akatupa jicho. Katikati ya moshi akaona tangi la maji la buluu na ukuta wa madrasa. Mkasi ukamponyoka. Hicho kilikuwa kijiji cha dada yake, Falis. Jioni hiyo simu zikaleta uhakika: Falis na binti zake wote wawili walikuwa wamezikwa.

Mumewe Fosiya, Hilowle, aliyekuwa Kajiado akinunua mbuzi, akarudi mbio na kuipigia simu stesheni iliyotangaza habari ile, kuwaambia waliouawa hawakuwa magaidi.

"Sisi tunasoma taarifa ya serikali, mzee," akajibiwa, simu ikakatwa. Mwenye stesheni alikuwa mtu wa chama tawala.

Kesho yake stesheni ya upande wa upinzani ikaja yenyewe na kamera. Fosiya akaongea sana, machozi yakimtiririka. Akamtaja Falis, akawataja watoto. "Jeshi limeua dada yangu," akasema, "lakini sitaki kulaumu vijana waliotumwa. Wakati wa ukame wao ndio waliowaletea watu wa kijiji hicho maji. Hata Makau, kakake jirani yangu, ni mmoja wao. Nataka tu ijulikane hawa hawakuwa magaidi."

Kwenye habari za jioni alitokea mara moja tu. "Jeshi limeua dada yangu." Hapo hapo wakamkata, akaingia mwanasiasa mmoja kuitaka serikali ijiuzulu. Jina la Falis halikutangazwa.

Asubuhi Evalyne, fundi wa nguo wa mlango wa pili na dadake Makau, hakumsalimia.

"Evalyne, dadangu, kuna nini?"

"Makau umemwita muuaji mbele ya nchi nzima, Mama Hamse. Mama amelia usiku kucha."

"Nilimtetea! Hiyo walikata."

"Kwani ile ilikuwa sauti ya nani?"

Sauti ilikuwa yake. Evalyne akainamia cherehani akaendelea kushona.

Siku ya dua ya kuwaombea marehemu wanawake walijaa nyumbani kwa Fosiya. Evalyne hakuja. Alituma viti vyake vya plastiki kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni akasema ameagizwa avishushe langoni tu, asingoje kuambiwa asante.