Mama wa Chipukizi wa Kumi na Moja

Wembe ulikuwa umemaliza kukata nyuzi za herufi nne za mwisho wakati sauti ya mwanamke ilipopanda kutoka getini.

"Mimi sitoki hapa mpaka nionane na mtu aliyepanga ile orodha!"

Nereida Puello aliinua kichwa. Mashine mbili za kufulia zilikuwa zikizunguka nyuma yake, na jezi iliyolala mezani mbele yake ilikuwa bado na unyevunyevu begani. Alisikia Fello, mlinzi, akijibu kwa sauti ile ya kubembeleza aliyowawekea wauza bahati nasibu.

"Mama, orodha ipi tena? Hapa ni chuo cha besiboli, si ofisi ya uchaguzi."

"Orodha ya vijana wanaochipukia! Mwaka jana mwanangu alikuwa wa kumi na moja klabu nzima. Kijiji kizima kinajua. Mwaka huu mpwa wangu kanisomea kwenye simu mpaka wa thelathini, hayumo. Nikamwambia rudia. Akarudia. Hayumo!"

"Zile zinaandikwa na waandishi wa habari huko Marekani, mama."

"Basi wapigie. Waambie mama yake amekuja."

Nereida alifuta mikono kwenye aproni akatoka mlangoni. Nje ya nondo za geti alisimama mwanamke mfupi mwenye gauni la Jumapili na viatu vya kanisani. Mkono mmoja ulikuwa na kikapu cha maparachichi, na kwapani alikuwa amebana kuku jike aliyefungwa miguu, ambaye naye alikuwa akimtazama Fello kwa hasira.

"Mwanao anaitwa nani, mama?" Nereida aliuliza, ingawa alishalihisi jibu.

"Yeifri Encarnación. Mrushaji wa mkono wa kushoto. Mimi ni Eduvigis, natoka Ocoa, kule juu milimani. Nimepanda basi kabla hakujapambazuka."

Fello aligeuka akamwangalia Nereida, kisha akaangalia chini.

Novemba ilikuwa na desturi yake pale chuoni. Msimu ukishafungwa, klabu mama huko ng'ambo ilianza kuuza, kununua na kubadilishana watu, na magazeti yakaandika kwa furaha kana kwamba ni sikukuu. Huku kisiwani, katika mji wa pwani wa Boca Chica, sikukuu hiyo ilifika kwa namna ya basi dogo lililoegesha uani kabla ya chai. Vijana waliitwa ofisini mmojammoja. Waliotemwa walitoka na begi na tiketi ya basi ya kurudi kwao. Wenzao walipoketi kula uji, viti vilikuwa wazi na hakuna aliyeuliza. Baadaye jezi zililetwa kwa Nereida, azifue, afumue majina mgongoni, zikavaliwe na watoto wapya wa miaka kumi na sita waliokuwa njiani. Kulikuwa na amri juu ya yote haya: familia zikija getini, zisiambiwe kitu. Kijana ni mtu mzima, atawaeleza mwenyewe.

Yeifri alitemwa wiki tatu zilizopita.

"Unajua amri," Fello alinong'ona.

"Amri inasema tumwache mama wa watu juani?"

"Haisemi hivyo."

"Basi fungua. Nampa maji ya kunywa."

Fello alifungua mlango mdogo. Mama Eduvigis alimkabidhi kuku bila kumuuliza. "Huyo ni wa mpishi wenu," alisema. "Kwa ajili ya kumlisha mwanangu miaka miwili. Mshike vizuri, anadonoa."

Ndani ya chumba cha kufulia, Nereida alimvutia kiti, akageukia birika akimimina maji na kutafuta maneno. Angesema nini? Kwamba Yeifri amesafiri na timu? Kwamba yuko mazoezini mbali? Wiki moja nyuma alikuwa amemkuta yule kijana ufukweni, akikodisha viti vya plastiki kwa watalii, ngozi ya pua imebabuka kwa jua. Alijificha nyuma ya miavuli kwanza. Halafu akatoka, akamshika mkono. "Dada Nereida, nakuomba, usimwambie mtu. Mama hajui." Na yeye aliahidi. Tangu siku hiyo alikuwa akimpitishia sahani ya wali na maharage, akijiambia kwamba ametenda wema.

Aligeuka na kikombe mkononi. Mama Eduvigis alikuwa hajaketi. Alikuwa amesimama mbele ya meza.

Hakuwa mtu wa kusoma. Lakini jina la ukoo wa mumewe alilijua kwa macho, maana lilikuwa limechongwa kwenye msalaba wa kaburi lake, naye alilipangusa vumbi kila mwezi. Juu ya jezi lilikuwa limebaki ENCARNA. Baada ya hapo palikuwa na matundu madogo ya sindano, yamepangana, na kitambaa kilichokuwa na weupe zaidi kuliko kingine.

"Imechanika?" aliuliza. "Unamshonea?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa fupi, na lingempa mama yule safari nzuri ya kurudi nyumbani. Nereida alikiweka kikombe mezani.

"Hapana, mama. Nafumua jina lake."

Mashine moja ilifika kwenye kukamua, ikatetemeka na kupiga kelele kama gari lililokwama. Wote wawili walisubiri iishe. Mama Eduvigis alikuwa amelaza kiganja juu ya zile herufi zilizobaki.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Juzi kaniambia kwenye simu kwamba ana mazoezi magumu." Kisha mgongo wake ukanyooka, na ile sauti ya getini ikarudi, ila sasa ilikuwa ya chini. "Nani mkubwa hapa?"

Ofisi ya Tejada, mkuu wa chuo, ilikuwa ghorofani, na kiyoyozi chake kilikuwa kikali kiasi kwamba mtu aliyetoka nje alihisi amemwagiwa maji. Ukuta mmoja ulikuwa na ubao mkubwa wenye vibao vya majina, vya kubandika na kubandua. Tejada alisimama alipowaona, akatabasamu kwa mgeni, na tabasamu likamwishia alipomfikia dobi wake.

"Karibu, mama. Sijui nani amekuruhusu..."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Unamzungumzia kijana gani?"

"Usinifanyie hivyo. Kahawa yangu umekunywa. Vikombe vitatu, ukasema cha nne kitakunyima usingizi."

Uso wa Tejada ulibadilika kidogo. Alikumbuka. Alikaa, akaisogeza kalamu yake ikae sambamba na ukingo wa meza. "Mama wa Yeifri. Sawa. Mama, tuelewane. Kijana alielezwa kila kitu, akasaini, akapewa tiketi mpaka kwao. Kuwaeleza nyumbani lilikuwa jukumu lake."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Yuko kwenu, nadhani."

"Kwetu ndiko nilikotoka leo."

Tejada alivuta pumzi. "Sikiliza. Msimu ukifungwa, klabu zote zinafanya panga pangua. Wengine wanauzwa, wengine wanabadilishwa, wengine tunawaachia. Mpira wake ulipungua kasi mwaka huu. Akatoka kwenye orodha za vijana bora, na tunahitaji vitanda kwa ajili ya watoto wapya. Ndiyo kazi ilivyo. Hakuna chuki hapa."

"Ingekuwa chuki ningeelewa. Mtu akikuchukia, angalau anakujua." Mama Eduvigis alisogea mpaka gauni lake likagusa meza. "Ulikuja kwangu wakati wa mvua. Gari lako likazama, ukapanda kwa miguu, matope mpaka magotini. Nilikupa maji ya kunawa. Ulikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, ukaniambia, 'Mama, tupe huyu mtoto, tutamtunza kama wetu.' Njia ya kuja kumchukua uliipata, na mvua ile. Sasa barabara imekauka. Ya kumrudisha imekushinda nini?"

Tejada aliangalia dirishani, ambako vijana waliobaki walikuwa wakikimbia kuuzunguka uwanja.

Nereida alikuwa amepanga kunyamaza. Alikuwa na binti chuo kikuu, na nyumba ya kupanga. Lakini alipouona ule ubao ukutani, na vile vibao vilivyobanduliwa vikiwa vimerundikwa kwenye bakuli la peremende, alisogea mbele.

"Bosi," alisema, "mwezi huu wote nafumua majina. Kuna mama hata mmoja uliyempigia simu? Nataka mmoja tu."

"Nereida, rudi kazini."

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekwambia rudi kazini. Ukitoka getini na huyu mama, kesho usijisumbue kuja."

Alishangaa jinsi vidole vyake vilivyotulia alipofungua fundo la aproni. Aliikunja mara mbili, kwa ustadi, kama alivyokunja kila kitu, akaiweka katikati ya meza, juu ya karatasi za Tejada.

"Imelowa, bosi. Angalia isije ikafuta majina yaliyobaki."

Getini Fello alikuwa amemkumbatia kuku kwa mikono miwili, mkwaruzo mwekundu ukiwa kwenye kidevu chake. Mama Eduvigis alimnyang'anya.

"Si ulisema ni wa mpishi?"

"Alikuwa wa mpishi."

Walitembea pembeni mwa barabara mpaka geti likapotea nyuma ya miti. Ndipo Mama Eduvigis aliposimama. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na unajua alipo."

"Aliniomba nisiseme. Alikuwa analia, mama. Nikaona..."

"Ukaona! Kila mtu kaona, isipokuwa mimi. Mmenificha wote, wenye viyoyozi na wenye sabuni." Alimbana kuku kwapani. "Nipeleke."

Wakapanda bodaboda moja, wanawake wawili, kikapu na kuku, mpaka harufu ya samaki wa kukaanga ilipowapokea.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Muziki ulipiga kutoka vibanda vitatu kwa wakati mmoja, na maji yalikuwa ya buluu isiyojali kitu. Yeifri alikuwa akitokea upande wa minazi, mrefu wa mikono na miguu, na mnara wa viti vya plastiki ameubeba kifuani kiasi kwamba uso hauonekani. Alipoviweka chini alimwona mama yake hatua chache mbele yake.

Hakukimbia. Aliangalia viatu vya kanisani vya mama yake vilivyozama mchangani, akaangalia kwapani mwake.

"Mama. Kuku wa nini?"

Mama alimpiga. Lilikuwa kofi la begani, lenye mlio mkubwa, na wazungu wawili waligeuka. Kisha mkono uleule ukapanda ukamwekea sawa kofia yake, ukabaki pale, kwenye shingo.

"Umekonda."

"Nakula."

"Mwongo. Umekuwa mwongo na umekonda." Sauti yake ilikatika. "Kwa nini hukuja nyumbani?"

Yeifri alimtupia jicho Nereida, naye akatazama baharini. Kijana aliketi juu ya viti vyake kama mtu aliyeishiwa pumzi. "Siku niliyosajiliwa mlipiga fataki," alisema. "Padri alinitaja kanisani. Nitashukaje kwenye basi na begi? Watu wakiuliza niseme nini? Na lile paa... Lile paa jipya lilitoka kwenye pesa yao ya usajili. Nilifikiri nikionekana nyumbani, watakuja kulidai."

"Walikwambia hivyo?"

"Hawakuniambia chochote. Walisema ahsante kwa huduma yako."

"Waje," alisema Mama Eduvigis. "Waje na ngazi yao. Wanikute chini yake."

Kijana akacheka, halafu kicheko kikamgeukia, akaficha uso kwenye mkono wake wa kushoto. Mama alisimama mbele yake akimkinga dhidi ya macho ya watu, gauni lake likipepea. Nereida alichukua kuku, akamfunga kwenye mguu wa meza, akatafuta mahali pa kuweka maparachichi. Kesho ilikuwa inaanza kumjia, na kodi yake, na simu ya binti yake ambayo ingehitaji maelezo. Aliisukuma mbali. Bado hasira ilikuwa nzuri, ilikuwa na joto, na hakutaka kuitoa mapema.

"Wewe, kijana wa viti!" mtu aliita. Familia ya watalii ilikuwa imesimama kwenye mchanga mtupu, taulo mabegani, mtoto mmoja akirukaruka kwa kuungua nyayo. "Vinne! Na mwavuli!"

Yeifri alijifuta uso akainuka. "Nakuja hivi punde, mama. Kaa hapa."

"Nani kakwambia nimekuja kukaa?"

Alikusanya upindo wa gauni akaupiga fundo gotini. Alikataa kuvua viatu. Akainama akashika ncha nyingine ya mwavuli mzito, kijana akachukua viti, wakaanza kuvuka mchanga wakigombana ni nani anatembea haraka mno. Nereida alisikia sauti ya Mama Eduvigis ikipanda juu ya muziki wa vibanda vyote vitatu. Alikuwa akiwauliza wale watalii, kwa Kihispania cha milimani ambacho hawakukielewa hata kidogo, wanataka kivuli kiangukie upande gani.