Ng'ombe wa Baba Naswa

Waliaula, fundi wa kuchomelea mageti pale Kibuye, alifunga kibanda chake saa tatu asubuhi akaenda shule ya nasari ya bintiye, pale Manyatta, kulalamika. Naswa, wa miaka minne, alikuwa amesoma muhula mzima na bado hajui kuandika hata jina lake. Alichojua ni kurudi nyumbani na udongo masikioni. Njia nzima Waliaula alijizoeza maneno ya kusema, na yalikuwa makali.

Alimkuta Mwalimu Debra amemwinamia mtoto aliyesukumiza punje ya mahindi puani. Mwalimu alimwomba asubiri kidogo, akamwonyesha mkeka ambapo watoto kumi na wawili walikuwa wakifinyanga udongo ulioletwa kutoka ufukweni Dunga. Viti vilikuwapo, lakini vilikuwa vya kuwatosha watu wa kimo cha Naswa. Akaketi mkekani na suruali yake nzuri.

Naswa alimpa donge la udongo, kama mtu anavyomkaribisha mgeni chai. Waliaula alilipokea kwa adabu tu. Akalibonyeza. Akaona linaweza kuwa ng'ombe.

Mwili ulikubali. Pembe zilikubali. Miguu ndiyo iliyokataa. Kila alipomsimamisha, ng'ombe alipiga magoti. Jirani yake mkekani, Sydney wa miaka mitano, alimtazama kwa muda mrefu.

"Baba Naswa, huyo ana miguu ya kuku," alisema.

Waliaula alimweleza kwamba yeye hutengeneza mageti ya kuingiza lori. Sydney akajibu kwamba huyu si geti. Hapo fundi alivua koti. Alichomeka njiti za kiberiti ndani ya miguu, kwa siri, na ng'ombe akasimama. Raha haikudumu, maana Sydney alikwenda kumshtaki kwa mwalimu kwamba Baba Naswa anadanganya.

Mwalimu Debra, ambaye sasa alikuwa ameitoa ile punje puani, alichutama mbele ya Waliaula akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtoto:

"Hebu nieleze, umetengeneza nini?"

Waliaula alieleza kwa dakika kumi: jina la ng'ombe, anakolishwa, na kwa nini amenuna. Mwalimu hakucheka. Alimwambia vidole vinavyobonyeza udongo leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho, kisha akamwonyesha Naswa, aliyekuwa ameviringisha nyoka mwembamba na kumkunja mpaka akawa herufi N. Naswa alisema ni nyoka mwenye hasira.

Waliaula alijaribu kukumbuka alichokuja kusema. Simu ikalia, mteja alikuwa kibandani akingojea dirisha lake. Waliaula alinong'ona kwamba yuko kwenye mkutano, kisha akapanga foleni ya uji nyuma ya Sydney, ambaye alimrudisha akanawe mikono.

Jioni mkewe, Agneta, alimuuliza mwalimu alijibu nini. Waliaula alisema mazungumzo yalikwenda vizuri, akamweka ng'ombe juu ya kabati la vyombo.

Siku ya tatu udongo ulikauka, kichwa kikaanguka. Waliaula alikiokota akakiweka kando ya sahani yake. Naswa alimpapasa mgongoni, akamwambia shuleni udongo bado upo mwingi.

"Na mzazi akija bila kuitwa," baba yake akauliza, "atafukuzwa?"